Kwa nini sauti zenu zilinyamaza siku 12



Wengi mmeniuliza, kwa simu, kwa ujumbe, na hata sokoni nikiwa nachagua samaki: ile saa ya majina ya jioni ilikwenda wapi? Kwa siku 12 hamkusikia mtu akimtafuta mtu wake. Tulipiga muziki kwa simu ya mkurugenzi iliyochomekwa kwenye konsoli, tukasoma matangazo ya kanisa na ya shule, lakini majina hapana. Kuna waliosema tumekatazwa. Kuna waliosema sasa majina yanalipiwa. Si kweli, yote mawili. Kilichokufa ni kadi ya grafiki ya kompyuta ya studio, kitu kisichozidi kiganja cha mkono, na mimi nikaongeza makosa yangu juu yake. Naeleza yote kama yalivyokuwa, kwa sababu mwisho wa habari hii kuna mama mmoja ninayemtafuta.

Ilikuwa Alhamisi, saa moja jioni. Kompyuta yetu ni ya mezani, ya umbo jembamba, ya okazo: ilifanya kazi katika ofisi fulani huko Ulaya kabla ya kupakiwa ndani ya kontena na kufika Kisangani. Ndiyo inayopanga muziki, matangazo na vipindi. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba kama kawaida. Mara kioo kikaanza kutoa mistari ya kijani na ya zambarau, kama kitenge kilichofumwa vibaya. Nikagonga kioo, nikagusa waya. Mistari ikawa miraba, kisha giza.

Lakini muziki ulikuwa unaendelea. Nawaomba msikie hapo vizuri. Wimbo uliisha, tangazo la zahanati likafuata, kisha wimbo mwingine, kwa mpangilio ule ule niliouandika mchana. Kompyuta ilikuwa inafanya kazi yake yote. Kitu pekee kilichopotea ni picha. Ninyi majumbani hamkujua lolote. Kama ningeiacha, ingeendelea hadi mwisho wa ratiba. Mimi nilitaka kuona, nikabonyeza kile kitufe kwa sekunde tano hadi mashine ikazimika. Nilipoiwasha tena ilitoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, halafu kimya. Kwenye mashine nyingi milio hiyo ni ishara kwamba kadi ya picha haionekani, ingawa kila mtengenezaji ana milio yake. Usiku ule sikujua. Nilisikia tu kama mtoto anayelia.

Sasa niwaambie kilichokuwa ndani.

Mnakumbuka mapigano kati ya Wambole na Walengola yaliyoanza mwaka 2023 upande wa Lubunga, kwa sababu ya ardhi. Nyumba zilichomwa, watu wakatawanyika: wengine wakavuka mto kuingia Kisangani, wengine wakafuata njia za msituni, wengine wakashuka na maji hadi huku kwetu. Ndiyo maana naandika kwa Kiswahili, ingawa hapa Isangi utasikia zaidi Lingala, Kilokele, Kitopoke na Kiturumbu. Familia nyingi zilitengana siku ya kukimbia. Baba alikuwa shambani, watoto shuleni, mama sokoni, kila mmoja akashika njia yake. Hadi leo wapo wasiojua mwenzao yuko wapi. Saa ya majina ilianzishwa kwa ajili hiyo: mtu anakaa mbele ya maikrofoni, anasema jina lake, kijiji chake, na anayemtafuta.

Wiki ile nilikuwa nimerekodi sauti 41. Kinasa sauti changu kina kumbukumbu ndogo, kwa hiyo kila nikihamisha sauti kwenye kompyuta, nafuta kwenye kinasa. Nilifuta zote 41 saa nane mchana, Alhamisi ile ile. Nakala nyingine haikuwepo. Kwenye kozi ya uandishi wa habari mwalimu alituambia mara nyingi kwamba sauti iliyo mahali pamoja ni sauti iliyopotea. Niliandika hiyo kwenye daftari, hata nikapiga mstari chini yake.

Kati ya hizo 41 kulikuwa na mama anayemtafuta mtoto wake wa kiume, wa miaka 11. Jina lake siliandiki, wala la mtoto. Alisema sekunde 50 tu. Hakulia. Alitaja kovu lililo juu ya nyusi ya mtoto na wimbo ambao mtoto anapenda kuimba akiosha vyombo, akauimba kidogo, akaona haya, akanyamaza. Nilimwambia: «Mama, Ijumaa jioni utajisikia.» Alikuja kuketi kwenye baraza ya redio siku hiyo ya Ijumaa, saa kumi na moja, akasubiri hadi tukazima jenereta.

Asubuhi ya Jumamosi kila mtu alikuwa fundi. Mmoja alisema kompyuta imekwisha, tutafute nyingine. Kijana wa jirani, anayetengeneza simu, alisema tuitoe kadi tuipike juu ya makaa, risasi iyeyuke na kushika tena. Hilo watu hulifanya, si uongo; wakati mwingine kadi hufufuka siku chache, kisha hufa kabisa, na moshi wake si wa kuvuta. Papa mmoja Mlokele, mzee wa mtaa wetu, alicheka: «Ngoma zetu zilipeleka habari toka kijiji hadi kijiji, na hazikuwa na ekrani.» Anasema haki. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi Yakusu, aliandika kitabu mwaka 1949 kueleza jinsi ngoma hizo zinavyofuata kupanda na kushuka kwa sauti ya lugha yenyewe. Lakini ngoma haiwezi kurudia wimbo wa mama yule kwa sauti yake.

Nilifungua kifuniko kwa bisibisi. Aibu. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda na unyevu hadi likawa kama udongo wa kufinyangia, na mende walikuwa wameshafanya kijiji. Kifeni cha kadi hakikuzunguka hata ukikisukuma kwa kidole. Kadi ile ilikuwa inapikwa polepole miezi mingi bila mtu kujua.

Nieleze kwa kifupi, kwa asiyejua. Ndani ya kompyuta kuna prosesa inayofanya hesabu, kuna diski inayotunza vitu vyako, na kuna sehemu inayogeuza hesabu kuwa picha ya kioo. Sehemu hiyo mara nyingine imo ndani ya prosesa yenyewe, mara nyingine ni kadi ya pekee iliyochomekwa kwenye bao kubwa. Kioo chako kikifa, jambo la kwanza ni kujaribu kioo kingine na waya mwingine. La pili, ondoa kadi na uchomeke waya wa kioo kwenye tundu la bao lenyewe, kama lipo. Prosesa ikiwa na picha yake, utaona. La tatu, toa kadi, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe ikae sawasawa. Nilifanya yote matatu Jumamosi na Jumapili. Prosesa yetu ni ya aina isiyo na sehemu ya picha ndani yake. Ule mlio ukabaki ule ule.

Jumatatu tukahesabu pesa. Sanduku la redio lilikuwa na dolari 23. Habari ikatembea, na watu wakaanza kuleta: faranga 1000, faranga 500, mwingine bakuli la mchele. Nusu ya walioleta walikuwa hao hao waliokimbia, wanaolala chini ya turubai. Mkurugenzi alitaka kukataa pesa zao. Mama mmoja akamwambia: «Papa, ukikataa pesa yangu, umekataa na jina langu.» Tukaandika kila kitu kwenye daftari. Tulifikia dolari 71.

Jumanne asubuhi nilipanda balenyeri na kompyuta imefungwa ndani ya turubai mbili, nikailalia kama mtoto mgonjwa. Kupanda mto hadi Kisangani ni kilomita kama 125, na chombo kilichojaa mihogo, mikaa na mbuzi hakina haraka. Tulipita Yangambi usiku, mvua ikanyesha, nikalala nimekaa. Yakusu tukaiona asubuhi. Saa sita mchana nilikuwa bandarini Kisangani, nikaweka kompyuta juu ya toleka, mwenye baiskeli akaisukuma hadi Makiso na mimi nyuma nimeishika.

Fundi niliyeelekezwa, yaya mmoja mpole, ana meza mbili na rafu iliyojaa mashine zilizofunguliwa. Siku hiyo mtaa wake haukuwa na umeme. Umeme wa Kisangani unategemea maji ya mto Tshopo, na mitaa inapokezana. Mtaa wake ulikuwa zamu ya giza hadi kesho. Nililala kwa shangazi yangu Mangobo.

Alhamisi umeme ulirudi saa nne. Nilianza kumweleza habari ya kadi, mistari ya kijani, milio. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali moja: «Unalilia nini hasa, picha au sauti?»

Nikasema, sauti.

Akachukua bisibisi, akatoa diski, akaichomeka kwa waya kwenye mashine yake. Ilichukua dakika kumi, labda chini. Sauti 41 zilikuwa pale, zimepangwa kwa tarehe. Alifungua moja bila kuchagua, sauti ya mzee akitaja kijiji chake ikajaza duka zima, wateja wakageuka. Nilitoka nje nikasimama kando ya barabara.

Kadi ya grafiki haitunzi kitu chochote chenu. Ikiungua, inaungua yenyewe. Sauti hazikuwa hatarini hata siku moja, na yeyote mwenye kompyuta ya mezani na waya wa diski angeweza kuzitoa. Hapa Isangi naifahamu angalau mashine moja ya namna hiyo, katika ofisi isiyo mbali na redio. Sikuuliza. Nilikuwa natazama kioo cheusi na kuamini kwamba nyuma yake hakuna kitu tena.

Na kuna kosa lililo baya zaidi. Kisangani kuna mtandao. Sauti ya sekunde 50, kwa WhatsApp, ingefika kwenye simu ya mkurugenzi kwa megabaiti chache sana, na simu ile ilikuwa tayari imechomekwa kwenye konsoli kila jioni. Alhamisi ile ile mama angejisikia. Sikufikiri. Fundi alinakili sauti kwenye fulashi mbili, nikazitia mfukoni, tukaanza kutafuta kadi.

Kutafuta kadi nako ni shule. Duka la kwanza walituonyesha kadi yenye jina kubwa kwenye boksi, GTX 1050 Ti, kwa dolari 35. Mimi nilikuwa tayari kutoa pesa. Fundi akaomba ijaribiwe kwanza, akafungua programu ndogo iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 inatambua kadi nyingi za udanganyifu. Ikaandika wazi: bandia. Ndani yake kulikuwa na chipu ya zamani, na programu yake ya ndani imebadilishwa ili iidanganye kompyuta na jina jipya. Kampuni iliyoandikwa kwenye boksi haihusiki na mchezo huo, na huenda hata muuzaji aliuziwa hivyo. Lakini ninyi mnaonunua, msikubali boksi. Mwambieni mtu aichomeke, muone.

Tena, hatukuhitaji jina kubwa. Redio haichezi michezo ya vita. Fundi alinieleza kwamba tundu la kadi kwenye bao linatoa wati 75 kwa kiwango chake cha juu, na mashine nyembamba kama yetu ina kisanduku kidogo cha umeme. Kadi kubwa inayodai waya wake wa ziada ingekiangusha. Halafu sisi tunaishi kwa paneli za jua mchana na esanse jioni, kila wati ina bei. Ijumaa tukapata GT 710 iliyotumika, dolari 30. Inakula wati 19, na hiyo tuliyopata haina kifeni, ina bati la kupoza tu. Kitu kisichozunguka, mende hawawezi kukizuia kuzunguka.

Ilipofika mezani haikuingia! Kile kibati cha pembeni kinachoshika kadi kwenye ukuta wa mashine kilikuwa kirefu, cha kompyuta kubwa, na yetu ni nyembamba. Kibati kifupi hakikuwepo kwenye boksi. Fundi alikiondoa kirefu, akakata kingine kwa mkasi wa bati kutoka kwenye mashine iliyokufa, akatoboa tundu, akafunga skrubu. Si kizuri kutazama. Tukawasha, na kioo kikaonyesha ile picha yetu ya Lomami ikiingia kwenye mto mkubwa.

Aliniwekea pia programu ya kuendesha kadi kwenye fulashi. Ni zaidi ya megabaiti 500, na kuzishusha hapa Isangi ni kusubiri siku nzima na kuomba mawingu yasije. Kompyuta inaweza kuonyesha picha bila programu hiyo, lakini herufi zinakuwa kubwa na kioo kinasota. Fundi alichukua dolari 10. Hesabu yote, pamoja na chombo cha kwenda na kurudi, toleka, chakula na stabilizateri iliyotumika, ni dolari 68. Dolari 3 zimerudi sandukuni. Daftari liko redioni, yeyote anaweza kulifungua.

Jumamosi hakukuwa na chombo. Jumapili nilipata, na kushuka mto ni haraka kuliko kupanda. Jumatatu jioni nilikuwa Isangi. Jumanne saa moja usiku, siku ya 12, tulirudisha saa ya majina na tukarusha sauti zote 41 mfululizo, bila muziki katikati.

Mama yule hakuwepo barazani. Jirani zake wakaniambia aliondoka Jumapili na pirogi iliyokuwa inapanda kuelekea Kisangani, na watoto wake wawili wadogo. Alisema redio imetupa jina la mwanawe.

Alhamisi iliyofuata akaja redioni mwanamume mfanyabiashara, anayeshuka na mzigo wa mchele kwenye mto Lomami kutoka upande wa Opala. Alikuwa amefunga chombo chake hapa Isangi Jumanne usiku na akasikiliza na mabaharia wake. Kuhusu kovu hakuwa na uhakika. Wimbo aliujua. Alisema katika kijiji kimoja alikopumzika kuna mvulana anayelelewa na familia ya mvuvi, anaimba huo huo akiosha sufuria, na watu wanamcheka kwa sababu maneno hayakai sawa. Nilimwimbisha mara mbili. Maneno yale yasiyokaa sawa ni yale yale.

Sisemi ni yeye. Kijiji sikitaji hapa, kwa usalama wa mtoto. Mfanyabiashara anapanda tena Lomami wiki ijayo, na amekubali kubeba simu ndogo yenye sauti ya mama ndani yake, mtoto aisikilize.

Kwa sasa kila sauti inakaa mahali patatu: kwenye kompyuta, kwenye fulashi ya redio, na kwenye fulashi nyingine inayolala nyumbani kwa mkurugenzi. Kila Jumamosi nafungua kifuniko na kupiga vumbi kwa brashi ya meno.

Mama, kama unasomewa haya, huko Lubunga au Kabondo au popote ulipofikia: jina la mwanao halikutupwa. Lilisomwa Jumanne, na linasomwa kila jioni tangu siku hiyo, la kwanza kabla ya mengine. Unajua wimbo, kwa hiyo utajua ni wewe ninayekuambia. Nenda redio yoyote iliyo karibu nawe hapo Kisangani, uwaombe waite redio ya Isangi, saa yoyote ya mchana. Usipande chombo kurudi huku kabla hatujazungumza, pesa yako itunze. Na wewe msomaji unayemfahamu mama mwenye watoto wawili wadogo aliyefika kwa pirogi Jumatatu au Jumanne ile akitokea Isangi, msomee.